Picha za Maziwa

Katika mji wetu picha nzuri ni picha inayowaka. Mteja akiingia studio kwangu pale Nachingwea anataka nyekundu iwe ya pilipili, kijani kimrukie mtu usoni, na sura yake ing'ae kana kwamba kajipaka mafuta dakika ile ile. Nilipoanza kazi nilifanya kama wenzangu wote. Nilivuta rangi mpaka zikagota. Niliwaweka watu mbele ya maporomoko ya maji ambayo hawajawahi kuyaona wala hawana mpango wa kuyaona, na kila mtu aliondoka na furaha yake. Mimi tu ndiye niliyebaki na picha ambazo nisingezitundika nyumbani kwangu.

Nilichopenda mimi ni picha laini. Nadhani niliziona kwanza kwenye simu, harusi za watu wa mbali, picha ambazo hata jua la mchana linaonekana kama la asubuhi watu wakiwa bado wanafagia. Nyeusi yake inaelekea rangi ya majivu. Nyeupe yake haichomi macho. Uso wa mtu unatulia, unaweza kuutazama bila kukunja wako.

Nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video na kuharibu picha za ndugu zangu. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kila picha ina mahali penye mwanga mkali na mahali penye giza. Ukitaka ilainike, unaushusha ule mwanga na kuliinua lile giza mpaka viwili hivyo visogeleane kama majirani waliopatana. Kwenye kompyuta ni vidude vidogo tu vya kusogeza, kushoto au kulia. Ugumu ni kujua pa kusimama. Ukizidisha kidogo, picha yote inakuwa kama imepigwa ndani ya moshi wa kuni mbichi.

Picha ya kwanza niliyoona imenikubali ilikuwa ya mama yangu, nami nikaisafisha kwenye karatasi nikampelekea kijijini kwake Ruponda. Aliitazama mbele, kisha akaigeuza nyuma kana kwamba iliyobaki iko upande wa pili.

"Mwanangu," akasema, "umepika vizuri. Ila chumvi umesahau."

Majirani zangu wa mtaa wa studio nao wakazipa jina: picha za maziwa, kwa sababu zinaonekana kama mtu katia maziwa kidogo kwenye chai ya rangi. Hawakunisifu, lakini jina lilikuwa zuri, nikalichukua. Nilitundika mbili tatu ukutani, pembeni ya zile zinazowaka, nikangoja mtu wa kuziulizia. Watu walipita wakaagiza maporomoko.

Ndipo akaja msichana wa Matambarale. Alikuwa fundi cherehani, amekuja Nachingwea kutafuta vitambaa vya harusi yake mwenyewe, akaingia studio kukwepa jua. Alisimama mbele ya zile picha zangu mbili tatu kwa muda mrefu.

"Dada, hizi ndizo zinaitwa za maziwa?"

"Ndizo."

"Basi harusi yangu nataka zote ziwe hivi. Zote. Hata ya sufuria za pilau."

Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia, nikamuuliza habari za shughuli kama mtu mwenye wateja wengi. Aliniambia mchumba wake ni mtu wa Nanganga. Aliniambia mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo shule ya msingi, akalelewa na baba yake akisaidiwa na shangazi, dada mdogo wa baba, anayekaa nyumba ya jirani. Shangazi ndiye alikuwa msimamizi wa kila kitu. "Ukimridhisha shangazi," akasema, "umeiridhisha harusi."

Harusi ilifanyika ufuta ulipokwisha kuuzwa, wakati ambao kwetu kila kijiji kina turubai lake na kila turubai lina spika inayokoroma. Nilifika Matambarale mapema, kwa matumaini ya kupiga picha jua likiwa bado la huruma. Lakini harusi haina haraka na mpiga picha. Waliporudi kutoka msikitini na chakula kikaliwa na wanawake wakajipanga uwanjani kwa ajili ya kumtunza bibi harusi, jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Uwanja ulikuwa mchanga mweupe uliofagiwa. Bati la nyumba lilitoa miale. Mtu akisimama mbele yangu, paji la uso lilikuwa linawaka na macho yalikuwa mashimo mawili ya giza. Hakuna mwanga mbaya zaidi ya huo kwa mtu aliyeahidi picha laini. Nilipiga hivyo hivyo, nikijiambia kwamba mengine nitayamaliza kwenye kompyuta.

Shangazi nilimjua bila kuonyeshwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kifua cha mbele, amejifunga doti mpya ya khanga nyekundu ambayo ilikuwa bado na ule mkunjo wa dukani. Alikuwa anawaamuru wapishi kwa mkono mmoja na kucheza kwa mkono wa pili. Ndugu walikuja mbele mmoja mmoja, wakicheza kumwelekea bibi harusi, huyu na sahani, huyu na mkeka, huyu na khanga kichwani. Ilipofika zamu ya baba, alikuja shangazi badala yake, amebeba zawadi ya baba mikononi.

"Baba yake goti linamsumbua," akatangaza kwenye kipaza sauti. "Yuko ndani anapumzika. Anawasalimu."

Nilimwona yule baba asubuhi tu, mzee mrefu aliyenyooka, mwadhini wa msikiti wa kijijini, mtu wa maneno machache. Wakati wa ndoa alikuwa msikitini na alifanya yote yaliyompasa. Ngoma zilipoanza akaingia nyumbani. Mlango wa nyumba ulikuwa nusu wazi, na kwa jua lile ulionekana kama kipande cha usiku kilichokatwa kikabandikwa ukutani. Bibi harusi aliketi akiutazama. Ni kazi yangu kuona watu wanatazama wapi, na kila nilipomwomba anitazame mimi, macho yalikuja kisha yakarudi mlangoni. Wakati namtengeneza mtandio kwa picha ya mwisho alininong'oneza, "Baba hakutoka, dada." Nikamwambia ainue kidevu.

Nilizifanyia kazi picha zile kwa mapenzi. Niliushusha mwanga wa mchanga, nikayainua macho ya watu kutoka kwenye mashimo yao, nikapunguza ukali wa bati. Taratibu mchana ule wa Matambarale ukageuka kuwa mchana wa watu waliolala vizuri. Nilipozituma kwenye simu ya bibi harusi, ambaye sasa alikuwa amehamia kwa mumewe Nanganga, alinijibu kwa sauti ya kurekodi iliyokuwa vigelegele vitupu. Nikajiona nimefika.

Siku chache baadaye mlango wa studio ulijaa shangazi. Alikuwa ametoka Matambarale mpaka Ruangwa mjini, na kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea, na mkononi alikuwa na mfuko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nipe kiti." Akaketi, akafungua mfuko, akatoa ile khanga nyekundu na kuitandaza juu ya kaunta yangu, juu ya kalamu, juu ya chai yangu. "Mwanangu, hii ni rangi gani?"

"Nyekundu, shangazi."

Akatoa simu, akanionyesha picha aliyotumiwa na bibi harusi. Ilikuwa yeye, anacheza, mkono mmoja juu. Khanga yake kwenye picha ilikuwa ya rangi ya matofali yaliyokaa mvuani.

"Na hii?"

Nikachomoa kikombe changu chini ya khanga.

"Khanga yangu mpya umeifanya mtumba," akasema. "Watu wa Nanganga wameiona. Wifi zake mtoto wameiona. Sasa hivi wanajua shangazi mtu amekwenda harusini na khanga iliyofuliwa mwaka mzima."

Nilijaribu kumweleza habari za picha za maziwa. Nilimwambia kwamba huo ndio mtindo, kwamba bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeomba, kwamba ukali ukipungua mtu anaonekana vizuri zaidi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Maziwa sawa," akasema. "Lakini pilau haitiwi maziwa."

Sikuweza kuzuia kicheko, naye akacheka, na baada ya hapo tulikuwa marafiki. Nikavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta, akaja akakaa karibu yangu, khanga mapajani kama ushahidi. Nikamweleza kwamba inawezekana kuishika rangi moja tu na kuirudisha, nyingine zikabaki zilivyo. Hilo lilimpendeza. Nikamwambia ili niifanye vizuri lazima nianze na picha ghafi, ile iliyotoka kwenye kamera kabla sijaigusa.

Picha ghafi ilikuwa pana kuliko aliyokuwa nayo. Ile ya kwanza nilikuwa nimeikata ili abaki yeye peke yake. Hii ilikuwa na uwanja, na nguzo ya turubai, na nyuma yake kabisa ukuta wa nyumba ya kaka yake pamoja na ule mlango mweusi. Nikaanza kazi ya kawaida. Nikaushusha mwanga. Shangazi akawa anasema "punguza," "ongeza," "hapo hapo," kama anayepima chumvi kwenye mchuzi. Kisha nikakishika kile kidude cha giza, nikaanza kukisogeza kulia.

"Ngoja," akasema shangazi. "Mlangoni pana nini?"

"Giza tu, shangazi."

"Giza halivai kanzu."

Nikasogeza zaidi. Katika ule weusi wa mlango palikuwa na kitu cheupe. Nikaikuza ile sehemu na kuliinua giza lake peke yake, mpaka mwisho. Picha ikajaa chenga, kama televisheni ya zamani mvua ikinyesha, lakini katikati ya chenga alikuwepo mtu. Kwanza tukaona kanzu. Kisha mkono ulioishika kanzu na kuipandisha, kama mwanamke anayevuka mto. Kisha mguu mtupu, na goti. Lile goti lilikuwa limenyanyuliwa juu kabisa, karibu na kifua. Mwisho tukaona meno. Mzee mwadhini alikuwa peke yake ndani ya nyumba, anacheza, na anacheka.

Shangazi alikisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. Halafu kitu kikaanza kwa mbali, tumboni, kikapanda, na kilipofika juu kilikuwa kicheko ambacho kilimtoa fundi simu wa jirani kibandani kwake kuja kuchungulia.

"Goti!" alikuwa anasema, akijipiga mapaja. "Lione goti lenyewe! Nikimwambia kaka twende tukapalilie mikorosho, goti. Nikimwambia twende Ruangwa hospitali tukamwone mgonjwa, goti. Kumbe goti linafika kifuani!"

Alipofuta machozi kwa ile khanga nyekundu aliniambia nimsafishie picha ile sasa hivi, tena kubwa, ukubwa wa mlango, akaitundike barazani kwake ili kila apitaye aone.

Hapo nikasita. Nimepiga picha za watu wengi, na najua tofauti ya mtu aliyesimama mbele ya kamera na mtu ambaye kamera imemkuta. Yule mzee alichagua mahali ambapo hakuna jicho. Mimi ndiye niliyepapekua.

"Shangazi," nikasema, "hakujua kama anapigwa picha. Tumuulize kwanza."

Aliniangalia, kicheko kikimpungua taratibu. Akaitazama tena ile picha, safari hii kwa muda mrefu.

"Mama yake mtoto alipokuwa hai," akasema, "walikuwa wakicheza wote wawili, na watu wanaacha ngoma yao kuja kuwatazama. Tangu amefariki sijamwona akicheza. Nilidhani ameacha." Akaikunja khanga yake. "Haya, tukamuulize. Lakini mimi nikae mahali nitakapouona uso wake."

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Kompyuta niliifunga ndani ya taulo na kuipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Kutoka Ruangwa mjini tulichukua pikipiki mbili, shangazi akitangulia, na kila tukipita nyumba ya mtu anayemjua alinyoosha mkono kunionyesha huku akipiga kelele maneno ambayo upepo uliyachukua.

Mzee alikuwa barazani kwake anabangua korosho za kula nyumbani, jiwe moja chini na jiwe moja mkononi. Alitupokea vizuri. Alizungumza Kiswahili cha polepole, cha mtu anayefikiri kwa Kimwera kwanza, na akanisogezea sahani ya korosho kabla hata hajaniuliza nilichofuata.

"Mzee," nikasema, "kuna picha moja ya harusi tunataka uione kabla ya mtu mwingine."

"Mimi simo kwenye picha. Nilikuwa ndani. Goti."

Shangazi akakohoa.

Nikaifungua kompyuta, nikamwekea picha kama ilivyotoka kwenye kamera, mlango ukiwa mweusi.

"Huyu dada yangu," akasema. "Anaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto."

"Na nyuma yake?"

"Nyumba yangu."

"Na mlangoni?"

"Mlangoni hamna kitu."

Nikasogeza kile kidude kulia, polepole kuliko nilivyowahi kufanya kwa mteja yeyote. Ikaja kanzu. Ukaja mkono. Lilipokuja goti aliweka jiwe chini. Yalipokuja meno akakiinamia kioo.

"Nani aliwasha taa?" akauliza.

"Hakuna taa, baba. Mwanga kidogo ulikuwemo ndani. Nimeuinua tu."

"Umeingia nyumbani kwangu bila hodi."

Hakusema kwa hasira, lakini nilihisi masikio yangu yanapata moto. "Nisamehe, baba. Ndiyo maana nimekuja kupiga hodi sasa. Ukitaka, narudisha giza, na picha itabaki hivyo daima." Na nikarudisha, kushoto, mpaka mlango ukawa mweusi tena na yeye akatoweka.

Aliutazama ule mlango mtupu.

"Nirudishe," akasema.

Nikamrudisha. Pembe za mdomo wake zikaanza kucheza. Aliuliza kama na yeye anaweza kukisogeza kile kidude. Akajifuta vidole kwenye shuka kwa uangalifu, maana mafuta ya maganda ya korosho hayana mchezo, nikamwonyesha pa kugusa. Akasogeza kushoto. "Sipo." Akasogeza kulia. "Nipo." Kushoto tena. "Sipo." Kulia. "Nipo! Mwone! Nipo!" Na mzee yule wa maneno machache akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, huku akijizima na kujiwasha.

"Na goti je?" akauliza shangazi, ambaye alikuwa amevumilia muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Goti lilikuwa linauma," akasema mzee. "Ndiyo maana nililinyanyua."

Tulicheka mpaka jirani mmoja akatupigia salamu kutoka kwake kuuliza kama kuna heri. Baada ya kutulia, shangazi akamuuliza kwa sauti nyingine, ya chini, "Kaka, kwa nini hukutoka? Mtoto alikuwa anautazama mlango tu."

Mzee aliokota korosho moja, akaivunja, akanipa mimi kokwa.

"Ningetoka ningelia," akasema. "Watu wangeona baba analia, wangesema hamtaki mkwe. Nikasema nikae ndani. Sasa wakapiga ile ngoma ambayo mama yake alikuwa anaipenda. Miguu haikuniuliza."

Shangazi alitazama pembeni, akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko.

"Mpelekee mtoto," mzee akaniambia. "Yeye aione. Wengine wangoje."

"Na mimi?" akasema shangazi. "Mimi niliyeigundua?"

"Wewe umeshaiona. Inakutosha."

Niliituma pale pale barazani, baada ya kuhangaika kutafuta mahali penye mtandao, mkono mmoja nimeunyoosha juu ya ukuta. Haukupita muda simu ya shangazi ikaita. Akaiweka sauti kubwa, akaishika kati yetu.

"Baba," bibi harusi akasema, "ulinificha."

"Sikukuficha. Nilikuwa mlangoni."

Akaanza kulia, kisha kilio kikageuka kicheko, kisha hatukujua tena ni kipi. Mzee alikuwa anaitikia "ehe, ehe" kwa kila sauti aliyoisikia, iwe ya kilio au ya kicheko. Mumewe alichukua simu akasalimia, akauliza baba mkwe goti linaendeleaje, na shangazi ilibidi aondoke barazani kwa muda.

Nilirudi Nachingwea na kuimaliza ile picha. Nilikaa nayo siku kadhaa. Uwanja niliuacha laini, mchanga ukawa wa rangi ya unga wa muhogo, na bati likatulia. Khanga ya shangazi niliirudishia nyekundu yake yote, na kusema kweli picha ilihitaji ile nyekundu. Mama yangu alikuwa na haki kuhusu chumvi. Mlangoni nilipata kazi kubwa zaidi. Kompyuta ina njia ya kuondoa chenga, lakini nilipoitumia uso wa mzee ukawa laini kama sabuni iliyotumika, na meno yakawa mstari mmoja. Nikaziacha chenga. Mtu aliye nyumbani kwake gizani ana haki ya kutoonekana sana.

Bibi harusi aliniomba nimsafishie na kumwekea fremu, akaitundika Nanganga sebuleni kwake. Mzee baadaye alimruhusu shangazi naye apate ya kwake, kwa sharti kwamba iwe ya ukubwa wa kawaida na ikae ndani. Shangazi akakubali, na kila mgeni wake hualikwa ndani.

Habari zikasambaa kwa njia zake. Watu walianza kuniletea picha zao za zamani wakitaka niwatazamie gizani. Mama mmoja alitaka kujua kama ni kweli paka wake ndiye aliyekuwa chini ya meza ya keki. Bwana mmoja aliniletea picha ya sherehe ambayo mkewe alikuwa amekaa kivulini, akaniomba niinue mwanga ili aone kama alikuwa amenuna kweli au alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka. Yule bwana aliondoka mwepesi kama aliyetua gunia. Na katikati ya hao, mmoja mmoja, wakaanza kuja wanaotaka picha za maziwa kwa ajili ya uzuri wake tu. Maporomoko ya maji bado naendelea nayo. Siyachukii tena kama zamani.

Bibi harusi na mumewe walipokuja Matambarale kusalimia wazee, shangazi alinipigia simu.

"Njoo," akasema. "Kamera iache. Unakuja kula."

Nilikwenda mikono mitupu, jambo ambalo lilinifanya nisijue pa kuiweka. Tulikula ugali na kuku wa kienyeji, na kisamvu kilichopikwa kwa karanga. Mzee alimuuliza mkwe wake maswali marefu kuhusu mashamba ya Nanganga. Shangazi aliniongezea mchuzi bila kuniuliza. Baada ya kula tukatoka kukaa upande wa nyumba wenye kivuli, na bibi harusi akatoa simu yake.

"Dada, simama pale. Hapana, rudi nyuma kidogo, jua lisikupate. Geuza uso. Usicheke hivyo, cheka kama ulivyokuwa unacheka ndani."

Watu wote walikuwa wananitazama. Sikujua mikono huwa inawekwa wapi, ingawa kila siku nawaambia watu pa kuiweka. Shangazi akaja akasimama karibu yangu, akanishika kiuno, tatizo la mkono mmoja likaisha. Bibi harusi akapiga, akainama juu ya simu yake akisogezasogeza kidole, ulimi umetokeza kwenye pembe ya mdomo, kisha akanigeuzia.

Alikuwa ameilainisha vizuri kabisa. Kivuli cha ukuta kilikuwa cha rangi ya majivu, mchanga ulikuwa umepoa, na mimi nilikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona kwa muda, wa mtu aliyeshiba na asiye na haraka ya kwenda popote.

"Umezidisha kidogo," nikamwambia, kwa sababu ya kazi.

"Hapana," akasema, "hapo ndipo." Nikatazama tena, nikaona ana haki, nikamwomba anitumie.